Jua la Milimani na Kipimo cha Kofia ya Majani



Mtu wa pwani apandaye kwenda Nakuru hudhani kwamba jua ameliacha nyuma, Mombasa. Hudanganywa na hewa. Asubuhi hutoa sweta, saa sita mchana hukaa nje bila kutokwa na jasho, na usiku hulala kwa mablanketi mawili. Siku ya pili hujitazama kiooni akaona pua na mashavu yameungua. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hauko mbali na mstari wa Ikweta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo iunguzayo ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10. Baridi ya Nakuru, basi, si dalili ya upole wa jua. Pwani joto hutufukuza kivulini kabla hatujaungua. Kule hakuna kinachomfukuza mtu.

Tuliyashuhudia hayo katika likizo ya shule, tulipoondoka familia nne kwa pamoja kwenda kuwazuru jamaa zetu wa mtaa wa Milimani. Tulikwenda kutazama ziwa na kreta ya Menengai, na kuunga udugu. Tulirudi na jambo jingine ambalo tumeona si vyema kuwaficha wasomaji wa jarida hili, hasa kina mama wanaowanunulia watoto mavazi. Jambo lenyewe ni elimu ya kuitambua kofia njema ya majani, pamoja na deni linalomfuata mwenye elimu hiyo.

Njia ya kupandia

Siku hizi safari ni nyepesi. Tangu mwaka 2017 treni ya kisasa humtoa mtu Mombasa ikamfikisha Nairobi siku hiyohiyo, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita zipatazo 160 za barabara. Baada ya Limuru nchi hukatika ghafla. Upande wa kushoto ardhi huporomoka, na chini kabisa huonekana uwanda wa Bonde la Ufa na mlima Longonot umesimama peke yake. Mahali hapo pa kutazamia, wachuuzi wametundika ngozi za kondoo, vikapu vya katani, shanga, na kofia za kila namna. Watoto walianza kudai kofia papo hapo.

Tuliwaambia wasubiri. Miongoni mwetu alikuwamo mama mzee aliyelelewa Kwale kati ya wasusi wa mikeka. Yeye alizishika kofia mbili tatu, akazipindua ndani nje, akazirudisha mahali pake bila kusema neno. Mchuuzi alicheka, akamwambia, "Mama, wewe unajua." Naye akamjibu kwa upole, "Na wewe pia unajua, mwanangu."

Njia ile si ngeni kwa watu wa pwani. Kabla ya reli, misafara ya biashara iliyotoka kwetu ilivuka Bonde la Ufa hadi Baringo kutafuta pembe za ndovu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kando yake. Jina la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyetembea huko wakati wa kiangazi hatalipinga. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitunukiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Milimani na Bondeni

Milimani imelala kwenye mteremko wa Menengai, juu ya katikati ya mji. Barabara zake zina vivuli vya miti mikubwa, nyumba zimekaa mbalimbali nyuma ya ua wa michongoma na maua, na humo ndimo ilimo Ikulu ya Nakuru. Ukisimama mahali palipo wazi ukaelekea kusini, utaliona Ziwa Nakuru likimeta, pamoja na msitu wa hifadhi ulioko kando yake. Nyuma yako ni Menengai, ambayo kilele chake kina mita 2,278, na shimo lake lina upana wa kilomita zipatazo 12. Tuliposimama kwenye ukingo wake upepo ulivuma kwa nguvu hata kina mama wakaishika mitandio yao kwa mikono miwili, na kofia mbili za watoto zikapeperuka zikazama shimoni. Zilikuwa kofia nyepesi za plastiki, na hakuna aliyezisikitikia.

Mgeni akishuka mjini atakuta mtaa mwingine uitwao Bondeni, ambako Waislamu wa Nakuru wameishi kwa vizazi. Majina hayo mawili, Milimani na Bondeni, yanatosha kusimulia historia. Wakati wa ukoloni miji ya Kenya iligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walijitengea miinuko yenye hewa safi, Wahindi wakakaa karibu na maduka yao, na Waafrika wakawekwa chini, karibu na reli na kazi.

Kofia nayo ilikuwa na nafasi yake katika mgawanyo huo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walowezi waliamini kwamba jua la Ikweta lina miale ya kupenya fuvu na uti wa mgongo, na kwamba Mzungu akilikabili kichwa wazi ataharibika afya na akili. Kwa hiyo walivaa helmeti nene nyepesi, au kofia za sufi za tabaka mbili, na wengine waliongeza kitambaa kinene cha kuukinga mgongo. Imani hiyo ilikufa taratibu, na sayansi ikathibitisha kwamba madhara ya jua hasa ni ya ngozi na macho. Hata hivyo, fikira moja ilibaki vichwani mwa watu, kwamba kofia yenye ukingo mpana ni ya bwana shamba, na kwamba mwenye jembe hahitaji kitu. Hata leo wapo wazazi wanaoiona kofia ya pama kuwa pambo la mtalii.

Katika nyumba tuliyofikia haikuwa pambo. Mjukuu wa shangazi yetu, mtoto wa miaka tisa, ana ualbino. Ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga, na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia mafuta ya kujikinga na jua. Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Wataalamu wa ngozi husisitiza mikono mirefu, kukaa kivulini saa za mchana, na kofia yenye ukingo unaozunguka pande zote, usiopungua sentimita 7 na nusu kwa mtu mzima. Kofia ya mbele tu, kama zile za wachezaji, huyaacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko saratani ya ngozi hupenda kuanzia.

Mwaka ule shangazi alikuwa amekwisha kununua kofia tatu za majani. Moja ilifumuka kwa mvua ya kwanza. Ya pili ilipasuka ukingo. Ya tatu ilikuwa nzima na nzuri, lakini mtoto alirudi nayo kutoka shule na madoa mekundu usoni.

"Kofia ya huyu ni dawa," alituambia. "Nikiuziwa dawa bandia watu wote watanihurumia. Nikiuziwa kofia bandia wananiambia nikanunue nyingine."

Kofia tano juu ya mkeka

Baada ya sala ya alasiri tulitandika mkeka uani tukazipanga kofia tano. Ya kwanza ni ile ya tatu ya shangazi, nyeupe yenye utepe, kutoka duka moja la mjini. Ya pili ya plastiki, ya mtoto. Ya tatu ya katani. Ya nne alikuja nayo jamaa kutoka ng'ambo, laini kama kitambaa. Ya tano ya ukili, ambayo sisi tuliibeba kutoka pwani iwe zawadi. Mama mzee wa Kwale alikaa katikati, nasi tukamzunguka.

Alianza na maji. Alilowesha ncha ya kidole akaisugua kofia ile nyeupe sehemu ya ndani, mahali pasipoonekana. Baada ya muda mfupi kamba ilianza kulegea na kufunguka. Ilikuwa karatasi. Kofia nyingi ziuzwazo mijini kwa jina la majani ni karatasi iliyosokotwa na kupakwa kitu cha kuipa mng'ao. Karatasi si haramu, alisema, na kwa siku moja ya matembezi yafaa. Ubaya ni kuiuza kwa jina na bei ya jani. Jani la kweli likilowa hulainika kidogo likarudi hali yake. Plastiki haipokei maji kabisa: tone huteleza, na anayeivaa hutokwa na jasho kwa sababu haipumui.

Kisha alinusa. Jani lililokaushwa vizuri lina harufu ya nyasi na jua. Harufu ya ukungu ni dalili ya kwamba lilisukwa au lilihifadhiwa kabla ya kukauka, na kofia hiyo itaingia madoa meusi. Akatazama rangi: rangi iliyochemshwa pamoja na jani imeingia mpaka ndani, na rangi iliyopakwa juu huonekana kwa kulifungua jani kidogo kwa ukucha, maana katikati mwake ni jeupe. Wazee walichemsha miyaa kwa mizizi ya mdaa ili kupata weusi, na kwa manjano ili kupata rangi yake, na rangi hizo hufifia taratibu bila kubanduka.

Baada ya hapo aliipindua kila kofia tukatazama utosi wake, yaani pale katikati ya juu kazi inapoanzia. Hapo ndipo palipo pagumu kuliko pote, na ndipo mtu mvivu hujificha. Utosi mwema ni bapa, mduara wake umekaza, hauna tundu wala fundo la kumchoma mtu kichwani. Utosi wa kofia ile ya katani ulikuwa na tundu la kupitisha kidole, likafunikwa kwa kitufe cha kitambaa. Katani yenyewe haikuwa na kosa. Mashamba ya mkonge yako upande wa Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, na nyuzi zake ni imara mno. Lakini ni nyuzi ngumu, zinazotaka kusukwa kwa subira ili zisiache nafasi, na kofia ile ilisukwa haraka.

Kutoka utosini alifuata mishono. Kofia ya ukili hutengenezwa kwa hatua mbili: kwanza husukwa ukili, ambao ni utepe mrefu wa chane za miyaa, kisha utepe huo huzungushwa na kushonwa, duru juu ya duru. Basi hukumu nayo ni mbili. Ukili uwe na upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, na chane zake ziwe sawa, zisiwe nyembamba hapa na nene pale. Mshono uwe wa karibu na wa kulingana, usiouvuta ukili ukakunjamana wala kuuacha ukapanuka. Vuta kwa upole duru mbili zilizo jirani. Zikiachana ukaona nuru, mshono huo hautamaliza mwaka. Mwisho wa ukili, kwenye ukingo, unapaswa kurudishwa ndani na kufichwa kwa shazia. Ukikatwa tu kwa mkasi na kugandishwa kwa gundi, ndipo kofia itakapoanzia kufumuka.

Kofia ya ng'ambo haikuwa na mshono hata mmoja, kwa kuwa husukwa nzima kutoka utosini hadi ukingoni. Ni aina ile ambayo dunia huiita Panama, ingawa asili yake ni Ecuador, ambako husukwa kwa majani ya mmea uitwao toquilla. Mwaka 2012 UNESCO iliuandikisha usukaji huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Wanunuzi wake huhesabu idadi ya misuko katika kipimo kidogo cha upana: kadiri inavyozidi, ndivyo kofia inavyopanda daraja, na zile bora kabisa za Montecristi humchukua msusi miezi. Huielekeza kwenye mwanga na kutazama kama duru zake zinalingana, bila kidimbwi cha giza wala pengo.

Tulipoinua kofia zetu kwenye mwanga ndipo tulipopata jibu la madoa ya mtoto. Mama mzee hakuridhika kutazama kwa jicho tu. Alimwita mtoto, akamvisha ile kofia nyeupe, akamsimamisha kwa dakika moja tu mahali jua lilipopenya, akatuambia tutazame kivuli kilichomwangukia usoni. Hakikuwa kivuli kimoja. Mashavu yote yalijaa vitone vya nuru, kama nyota. Kofia ilikuwa nzuri kwa upepo, na kila tundu lake lilipitisha jua. Akambadilishia akamvisha ya ukili: kivuli kilikuwa cheusi, kimoja, toka nyusi hadi kidevuni. Shangazi alitazama, akageuka akaingia ndani kuchemsha chai, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Kwa mtu mwingine matundu machache ni raha, maana hewa hupita. Kwa mtoto yule, na kwa kila anayeshinda juani, hukumu ya kwanza ni kivuli. Kofia haipimwi peke yake, alisema mama mzee. Hupimwa pamoja na kichwa kitakachoivaa.

Mambo mawili yalibaki. La kwanza ni kuukunja ukingo polepole kwa viganja. Jani jema hupinda kisha likarudi, na ukisikia mlio wa kuvunjika, hata mdogo, iweke chini. La pili latuhusu kina mama: anayevaa mtandio aipime kofia juu ya mtandio, si kichwa kitupu, na aangalie utepe wa ndani uwe wa pamba, uliokaa sawasawa. Kofia ibanayo huteleza na kuvuta mtandio nyuma, na safari nzima huwa ya kurekebisha nguo.

Mabua ya Njoro

Kesho yake tulikwenda upande wa Njoro, magharibi ya mji, ambako ngano hulimwa kwa wingi. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na marobota ya mabua yalikuwa yametapakaa mashambani. Watoto waliuliza swali la haki: kwa nini mabua haya yasisukwe kofia?

Yamewahi kusukwa, lakini kwingine. Jimbo la Toscana nchini Italia na mji wa Luton nchini Uingereza ilipata sifa kwa kofia za mabua ya ngano, na klabu ya mpira ya Luton Town mpaka leo ina jina la utani la watengeneza kofia. Lakini Toscana ngano ya kofia ilipandwa kwa kusongamana ili mabua yawe membamba, ikang'olewa kabla ya kuiva. Ngano ya Njoro hulimwa kwa ajili ya unga, huachwa ikaiva kabisa, na mashine ya kuvuna huyaponda mabua yake. Yanafaa kulisha ng'ombe. Jani la kofia lina majira yake na mkono wake, na kinachopatikana kwa wingi sicho lazima kiwe kinachofaa.

Hali ni hiyohiyo kwetu. Mkoma umejaa Kwale, Kilifi, Tana na Lamu, na mpita njia huweza kudhani kwamba malighafi ni ya bure. Msusi hachukui jani lolote. Hutafuta kuti changa ambalo halijafunguka, hulikata bila kuuua mti, hulianika, hulichana chane kwa chane, na wakati wa kusuka hulipa unyevu kidogo lisivunjike. Anayeruka hatua moja kati ya hizo hatajulikana siku ya soko. Hujulikana baada ya miezi mitatu, kichwani mwa mtu mwingine.

Kipimo cha pande mbili

Hapa ndipo tulipofika kwenye lile deni tulilolitaja mwanzo. Wengi wetu tunajua habari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta chini yake kumelowa ilhali juu kumekauka. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Kila tulipoipindua kofia tukakuta tundu lililofunikwa kwa kitufe, tuliikumbuka habari hiyo. Muuzaji anayeita karatasi jani ameweka kilicholowa chini.

Lakini Sura ya Al-Mutaffifin haimlaumu muuzaji peke yake. Inawalaumu wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapotoa. Mnunuzi naye hupokea na hutoa. Hupokea kofia na hutoa pesa. Anayeitaka kofia yenye utosi uliokaza, mishono ya karibu na kivuli kimoja, kisha akang'ang'ania kulipa bei ya karatasi, amejaza pishi lake na kupunguza la mwenziwe.

Matokeo yake tunayaona. Msusi wa Kwale au wa Kilifi hukuta kofia aliyoifanyia kazi siku kadhaa ikipewa bei ileile ya iliyolipuliwa kwa siku moja. Mara ya kwanza husikitika. Mara ya pili hupanua mshono. Mara ya tatu huacha kuficha mwisho wa ukili, na binti yake anayejifunza kwake hurithi kazi hiyo ya kulipua akidhani ndiyo kazi yenyewe. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha hufundisha hivyo bila kujua. Anayeweza kutofautisha na bado hataki kulipa, kosa lake ni kubwa zaidi.

Kofia za viua zinatuonyesha kwamba hali yaweza kuwa nyingine. Lamu, hata kijana huitambua kofia iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono. Huhesabu vijitundu, hutazama ndani, hupapasa ukakamavu wake, na hukubali kulipa tofauti kubwa ya bei. Ufundi huo haukubaki hai kwa kuwa wazee waliuhubiri. Umebaki hai kwa sababu wanunuzi wana macho. Ukili ulikosa macho hayo, kwa kuwa ulikuwa kazi ya kina mama wa mashambani na ulikuwa chini ya miguu yetu kila siku, kwenye mkeka na jamvi. Wahenga walituonya kwamba rahisi huvunja upishi, na katika jambo hili umevunjika upishi wa nyumba mbili, ya mnunuzi na ya msusi.

Kabla ya kuondoka Milimani tulikubaliana mambo machache, nasi tunawapendekezea wasomaji. Mwenye kununua kofia ya majani aulize imesukwa wapi na nani. Aipindue ndani mbele ya muuzaji bila haya na bila kumdhalilisha. Akiikuta njema, asiombe kupunguziwa kwa mazoea tu. Akiikuta na kasoro, ataje kasoro yenyewe, kwa maana msusi hufaidika zaidi na neno "mshono wako umeachana hapa" kuliko neno "ghali". Na anayepeleka zawadi bara apeleke kazi njema ya mikono ya nyumbani, ambayo mama mzee wa Kwale hataona haya kuipindua.

Kwa walioko Nakuru na penginepo penye hewa kavu, tunaongeza neno la utunzaji. Kofia iliyosukwa katika unyevu wa pwani hukauka mno kule ikavunjika. Ipanguswe kila baada ya siku chache kwa kitambaa chenye unyevu, ndani na nje, kisha ikauke kivulini. Ishikwe kwa ukingo, isibanwe utosini kwa vidole, maana hapo ndipo mpasuko wa kwanza hutokea. Isiachwe ndani ya gari juani. Isilazwe juu ya ukingo wake. Ilazwe chali, au itundikwe. Pwani mambo ni kinyume: adui ni unyevu, na kofia yataka mahali penye upepo.

Ile ya ukili tulimwachia mjukuu wa shangazi. Mama mzee alimpima kichwa kwa uzi, akaufunga uzi huo kwenye pindo la leso yake, akaahidi nyingine mbili kutoka kwa wasusi wa kwao kabla shule hazijafunguliwa, na shangazi akatoa pesa zote papo hapo, kwa bei aliyotajiwa. Mwezi uliopita zilipelekwa kwa basi la usiku. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amhifadhi mtoto yule, awabariki wanaosuka kwa uaminifu, na atujaalie sote tuwe miongoni mwa wanaotimiza vipimo. Wabillahi tawfiq.